Hotuba juu ya Picha za Kutani na Chumvi Izilayo



Tumeombwa na halmashauri ya jubilei kusema maneno machache juu ya kanisa la kale la kigango chetu, nasi tumekubali, maana jambo lenyewe halingoji. Chokaa imekwisha nunuliwa. Watu wema wameazimu kuipaka kutani kabla ya sikukuu, ili nyumba ionekane nyeupe machoni pa wageni. Na ukuta watakaoanza nao ni ule wa nyuma ya altare, wenye picha za mitumbwi, na samaki, na watu wavutao nyavu, zilizochorwa na walimu wa kwanza kwa udongo mwekundu na masizi na chokaa. Wasema kwamba picha zimekwisha kuchakaa: zimefanya unga mweupe, zimeota madoa, na mahali pengine rangi yabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Hayo ni kweli, tumeyaona kwa macho. Hata hivyo twaomba tusikilizwe kabla ya brashi kutiwa katika ndoo.

Watu wa nchi hii si wageni wa kuchora kutani. Wasukuma walikuwa na chama cha Bayeye, ndio washika nyoka, nao ndani ya nyumba za chama chao walichora nyoka, na watu, na viumbe wa hadithi, kwa rangi nyeupe na nyeusi na nyekundu, ili waliokuwa wakiingizwa chamani wafundishwe kwa picha zile. Hatusemi hivi kusifu uganga. Twausifu mkono, maana ulikuwa mkono hodari. Lakini nyumba ya miti na udongo haina maisha marefu, nayo ikianguka, picha huanguka pamoja nayo. Leo picha zile twazijua zaidi kwa nakala zilizokusanywa na Bwana Hans Cory, mzaliwa wa Austria, aliyeitumikia serikali ya Tanganyika katika kuchunguza mila za watu, akazitia katika kitabu kilichopigwa chapa London mwaka 1953. Yaani mjukuu wa Myeye akitaka kuona kazi ya babu yake, yambidi kutafuta kitabu cha Kiingereza. Sisi tunao ukuta wenyewe, ungali umesimama.

Sasa na tuutazame ugonjwa wake. Ule unga mweupe watu huuita ukungu, na kwa sehemu kubwa sio. Chukua kidogo kwa ncha ya kisu, mahali pasipo na picha, ukatie katika tone la maji: ukiyeyuka upesi, hiyo ni chumvi. Imetoka wapi? Imetoka chini. Wakulima mwajua udongo uitwao ibambasi, ule mgumu wa nyika ambao jembe hugonga likarudi. Ndani yake mna chumvi za namna ya magadi. Wazee wetu walikwenda kwa miguu mpaka ziwa Eyasi kuleta chumvi, lakini nyingine, isiyofaa chakula, ilikuwa ikilala chini ya nyumba zao. Maji ya masika huiyeyusha, kisha ukuta huyanywa maji yale kutoka katika msingi, kama utambi unywavyo mafuta ya taa. Yakifika juu yakutana na hewa kavu, maji hukauka, chumvi hubaki. Nayo chumvi ikikauka hufanya chembe zenye ncha, na chembe zile hukua ndani ya vitundu vya lipu, zikisukuma rangi kutoka nyuma. Masika yajayo zayeyuka tena, kiangazi zakua tena. Kila mwaka ni msukumo mmoja. Basi rangi haiharibiwi na mkono wa mtu wala na jua, bali yasukumwa kutoka ndani.

Na hapa yatupasa kusema neno juu ya saruji. Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja ambacho hatutakitaja, ukuta wa kanisa ulikuwa ukimomonyoka chini, kadiri ya mkono mmoja kutoka sakafuni. Fundi akapiga saruji nzuri, ngumu, nje na ndani, na watu wakafurahi. Lakini maji yaliyokuwa yakitoka na kukauka pale chini yalizibiwa njia. Yakapanda juu ya saruji kutafuta mahali pa kutokea, na mahali pale palikuwa pana picha. Ukuta wa udongo na chokaa hupumua, nayo saruji huuziba pumzi. Kadhalika popo: walala darini, mavi yao huanguka nyuma ya ukuta, mvua ikayachuruza, na ndani yake mna chumvi nyingine iitwayo nitrati. Kwa hiyo mtu asiyeona uhusiano wa popo na picha ya mtumbwi, basi aupande ule ngazi akachungulie darini.

Chumvi ikiisha kukaa ukutani yawaita wageni wake. Tangu zamani watu waliamini kwamba penye chumvi nyingi hapakai kiumbe, na kwa sababu hiyo twawatia samaki chumvi. Lakini wauzaji wa sangara wa chumvi, wale wapelekao mizigo mpaka Kongo, wajua kwamba samaki aliyetiwa chumvi vizuri huweza kuota vidoadoa vya rangi ya kahawia, kama aliyenyunyiziwa vumbi la tumbaku. Vidoa vile ni kuvu, nayo wataalamu huiita Wallemia. Jamaa yake mmoja, Wallemia ichthyophaga, hawezi hata kukua pasipo chumvi. Maji matamu kwake ni njaa. Na mwaka 2000 wataalamu wa Slovenia walitangaza kwamba katika mashamba ya chumvi ya pwani yao, mahali maji ya bahari hukaushwa kwa jua, wamekuta kuvu nyeusi zikiishi raha mustarehe. Mmojawapo, Hortaea werneckii, huvumilia maji yaliyoshiba chumvi karibu kabisa. Siri yao ni kwamba hujiwekea mwilini kitu kitamu, gliseroli, chenye kushindana na chumvi ya nje, ili maji ya miili yao yasinyonywe.

Kuvu za namna hiyo, pamoja na bakteria wa ukoo mwingine wapendao chumvi, hukaa juu ya picha za kale pia, zikaacha madoa meusi au mekundu mekundu. Ni adui basi? Kwa upande mmoja, ndiyo. Lakini mna jambo ndani yake, nasi twaomba walimu wa sayansi walishike vizuri, maana ndilo kiini cha hotuba hii.

Kuvu haina kinywa. Hula kwa kutoa maji yake nje, yakameng'enya chakula palepale kilipo, kisha huvuta kilichomeng'enywa. Ndani ya maji yale mna vitu vidogo vifanyavyo kazi ya kuvunja, na kwa Kiswahili twaviita vimeng'enya. Msidhani ni habari ngeni. Mama akitaka kufanya udaga humenya muhogo, huulundika na kuufunika, siku chache baadaye umeota ukungu na umelainika. Huukwangua ukungu, huanika, hutwanga. Aliyeulainisha muhogo ule ni nani? Ni vimeng'enya vya ukungu. Na apikaye pombe ya mtama hutia kimea, naye ajua kwamba pasipo kimea uji hautapata utamu. Ndani ya mbegu iliyochipuka mna kimeng'enya kigeuzacho wanga kuwa sukari. Bibi zetu walikuwa mabwana wa kazi hii kabla ya kitabu chochote.

Tabia moja ya kimeng'enya ni hii: kila kimoja kina kazi yake moja tu. Kivunjacho wanga hakigusi mafuta. Kivunjacho mafuta hakigusi protini ya nyama wala ya maziwa. Ndugu zetu wa Geita wataelewa upesi, maana wameona zebaki ikitiwa katika mchanga uliosagwa: hushika dhahabu, huliacha jiwe. Tofauti ni kwamba zebaki ni sumu, na moshi wake umewaharibu watu mishipa na akili. Kimeng'enya hakina hatari ya namna ile, na kikiisha kazi huoshwa kikaondoka. (Juu ya zebaki tungekuwa na mengi ya kusema, lakini leo si siku yake.)

Sasa, uchafu ulio juu ya picha za kale ni nini? Mara nyingi si udongo. Ni masizi ya mishumaa yaliyoshikamana na mafuta; ni gundi ya mifupa au ya maziwa, iliyopakwa na watu wa zamani waliodhani wanaokoa picha; ni uji wa unga uliobandikiwa karatasi. Vitu hivi vikizeeka huwa vigumu kama pembe. Ukivisugua, rangi huondoka kwanza na gundi hubaki. Ukitia dawa kali, yavila vyote viwili. Hapo ndipo vimeng'enya vilipoitwa kazini.

Habari iliyo maarufu ni ya Italia. Katika mji wa Pisa yapo makaburi ya kale yaliyozungukwa na kuta zilizochorwa, yaitwayo Camposanto. Tarehe 27 Julai 1944, vitani, kombora lilianguka juu ya paa, paa likashika moto, na risasi iliyoliezeka ikayeyuka ikatiririka kutani. Picha zilizosalia zilibanduliwa kwa kubandikwa vitambaa kwa gundi ya wanyama, zikawekwa. Miaka ikapita. Walipotaka kuviondoa vitambaa, gundi ilikuwa imegeuka jiwe. Walijaribu dawa, walijaribu hata vimeng'enya peke yake, wakashindwa. Ndipo wataalamu wakachukua bakteria aitwaye Pseudomonas stutzeri, wakamtia katika pamba, ndugu zangu, pamba, kitu kile kile tulimacho sisi, wakailaza juu ya picha kwa saa kadhaa. Bakteria akala gundi. Mabaki yaliyosalia yakaondolewa kwa vimeng'enya. Taarifa ya kazi ile, iliyofanywa juu ya picha ya Spinello Aretino yenye habari za Mtakatifu Efisio, ilitoka mwaka 2005. Baadaye mji wa Valencia, Hispania, ukafuata njia hiyo katika kanisa la Watakatifu Yohane wawili, lililochomwa moto mwaka 1936. Huko picha za Antonio Palomino zilikuwa na gundi ngumu na tena zilikuwa na chumvi, na yasemwa kwamba mavi ya njiwa yalichangia. Popo wetu wanao wenzao Ulaya. Bakteria walitiwa katika utelezi mgumu utokanao na mwani, ili maji yasizame ukutani.

Mwaona kwamba katika habari hizo mbili mtenda kazi ni bakteria, si kuvu. Kuvu ipendayo chumvi yaingilia wapi basi? Yaingilia pale chumvi inapokuwa nyingi. Kimeng'enya cha kawaida kikitiwa katika ukuta wenye chumvi kali hujikunja, huharibika kama maziwa yaliyokatika, kisifanye kazi. Lakini kimeng'enya cha kuvu iliyozoea kula katikati ya chumvi kimeumbwa kwa mahali pale, chumvi haikitishi. Kwa sababu hiyo wachunguzi wamekwenda kuzitafuta kuvu hizi, wazikuze katika vyombo, wachukue maji yao, wayasafishe, na kuyajaribu juu ya kuta zilizo wagonjwa wa chumvi. Angalieni sana: hawaipeleki kuvu yenyewe ukutani. Hiyo ingekuwa kumpa fisi zamu ya kulinda mbuzi. Wachukua meno yake, yeye wamwacha maabara. Kazi hii bado ni changa, tena ya polepole. Hufanywa kipande kwa kipande, kadiri ya kiganja.

Tena kuna hatari yake, nayo ndiyo ituhusuyo sisi zaidi. Kimeng'enya hakijui kutofautisha gundi ya uchafu na gundi ya mchoraji. Ikiwa walimu wa kwanza walikoroga udongo mwekundu kwa maziwa au kwa ute wa yai, basi kimeng'enya kivunjacho gundi ya wanyama kitaivunja picha yenyewe. Ikiwa walikoroga kwa uji wa mtama, kile cha wanga hakifai. Ikiwa walitumia utomvu wa mti, ni habari nyingine. Mtaalamu aweza kupima kwa vyombo vyake, lakini vyombo ni ghali na viko mbali. Wakati wazee wawili, watatu wa kigango hiki, ambao walipokuwa watoto walitumwa kuleta vitu vya kukorogea, wangali hai nasi. Nani amewauliza? Wakiondoka wao, ufunguo umeondoka.

Mtu mmoja wa halmashauri ametuambia kwa upole: basi tuue tu huo ukungu kwa dawa, tupake chokaa, yaishe. Twamjibu kwa habari ya Ufaransa. Huko liko pango la Lascaux, lililogunduliwa mwaka 1940, lenye picha za farasi na ng'ombe zilizochorwa na watu wa kale sana. Watu wengi mno waliingia kulitazama, pumzi zao zikaligeuza hewa, hata mwaka 1963 likafungwa. Mwaka 2001 kuvu nyeupe iitwayo Fusarium solani ikaenea humo kama theluji. Wakaitia dawa, wakamwaga chokaa kali sakafuni. Kuvu nyeupe ikapungua, kisha yakaja madoa meusi ya kuvu nyingine, iliyokuta nafasi imeachwa wazi. Wale walikuwa wataalamu wenye mali ya serikali nyuma yao. Sisi tunayo ndoo na brashi.

Ni haki kukiri kwamba kule Uingereza picha nyingi za makanisani zilipakwa chokaa zamani, na baada ya miaka mia kadhaa zikafunuliwa zikiwa nzima. Mwenye kusema hivyo hasemi uongo. Lakini ukuta wetu wanywa maji kila masika, na chumvi yake haijaondoka. Chokaa mpya itashikamana na rangi iliyokwisha legea, na chumvi itakapoisukuma, vitabambuka vyote viwili pamoja, kama gome na utando wake. Rangi za dukani zenye plastiki ni mbaya zaidi, maana huufungia unyevu ndani.

Wala jambo hili si la kigango chetu peke yake. Kondoa, katika mkoa wa Dodoma, iko miamba yenye picha nyekundu na nyeupe katika mapango zaidi ya 150, nayo iliandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia. Bibi Mary Leakey alizinakili nyingi mwaka 1951, akakaa miaka zaidi ya thelathini kabla ya kitabu chake kutoka mwaka 1983, akakipa jina lenye kusema kwamba sanaa hii yatoweka. Kule Kolo watu wangali wakifanya matambiko penye picha, na pombe hunyunyiziwa mwamba. Mwenye kusikiliza vizuri habari ya kimea atafahamu kwamba pombe ya nafaka ni karamu kwa kuvu. Na Mombasa, katika Fort Jesus, kipo kipande cha ukuta ambacho askari wa Kireno walichora meli na samaki kwa mkaa na udongo mwekundu, mbele ya bahari, katika upepo wa chumvi. Rangi zao ni zile zile za walimu wetu. Kwa hiyo tukiitunza hii yetu vizuri, tutakuwa na neno la kuwaambia wengine.

Yaliyo katika uwezo wetu si ya maabara. Picha zisisuguliwe wala kuoshwa, hata kwa maji safi, maana maji huiamsha chumvi. Unga mweupe ulioko nje ya picha waweza kupanguswa kwa brashi laini kavu na kukusanywa katika karatasi, usiachwe sakafuni ukarudi. Mishumaa ihamishwe mbele. Popo wafukuzwe jioni, wakitoka, na tundu lizibwe kwa wavu. Saruji ya chini, upande wa nje, iondolewe kwa patasi taratibu, mahali pake papigwe udongo na chokaa. Hapo chokaa yetu iliyonunuliwa itapata kazi, na kuta nyingine tatu zitapakwa nyeupe kama halmashauri ilivyotaka, wageni waone.

Walimu wenye simu wapige picha ukuta wote, kipande kwa kipande, wakiweka rula kando yake, asubuhi moja ya kiangazi na asubuhi moja ya masika, ili tujue rangi yaondoka kwa kadiri gani. Watoto wa darasa la saba wainakili kwa kalamu katika karatasi za mraba. Wazee waulizwe juu ya maziwa, na yai, na utomvu, na maneno yao yaandikwe kama walivyoyasema, kwa Kisukuma, ndipo yafasiriwe. Tukiisha kuwa na hayo, barua iandikwe kwa Idara ya Mambo ya Kale, nayo iambatane na picha zile, maana mtaalamu aulizwaye vizuri hujibu vizuri.

Mwisho, mfereji. Upande wa mashariki maji ya paa yaanguka penye msingi, na pasipo kuyaondoa hayo hakuna kimeng'enya cha Italia wala cha Slovenia kitakachotufaa. Tumekwisha kupima: ni hatua 22 mpaka bondeni. Tutaanza kuchimba Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Wenye majembe waje nayo, na wenye sururu waje mapema zaidi, kwa sababu hatua nane za kwanza ni ibambasi.